Mlinzi wa Shamba Lake Mwenyewe

Mume wangu Abilahi alipigana vita vya Kagera, na tangu arudi Pande, kijiji chetu humwazima kama mkeka. Akija kiongozi, Abilahi aitwe. Ukipita Mwenge wa Uhuru, Abilahi avae koti lake la jeshi, asimame mbele na mguu wake mbovu, apige saluti, watu washangilie. Wakishamaliza kumshangilia wanamsahau mpaka aje mgeni mwingine. Bati moja la kuezekea hajawahi kupewa. Mimi Mwahija, mkewe, nimeyatazama hayo mpaka yakanifika kooni.

Tulichokuwa nacho ni shamba la simsim kule bondeni. Alilifyeka mwenyewe mwaka aliorudi kutoka Uganda, kipande cha bomu kingali pajani, mimi nina mimba ya Biasha. Simsim ile ndiyo iliyotulisha na kutuvisha. Lakini shamba la simsim halilimwi mfululizo. Ukivuna misimu kadhaa unaliacha lipumzike, majani yaote, udongo urudishe nguvu. Pande nzima inajua hivyo. Tawakali, mwenyekiti wetu wa kijiji, anajua kuliko wengi, maana marehemu baba yake tulipakana naye. Mwaka ule shamba lilikuwa limepumzika, majani yamefika kiunoni, nasi tukisubiri mvua tulirudie.

Ndipo wakaanza kushuka wawekezaji. Daraja la Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa, magari yanatoka Dar asubuhi, jioni yako Kilwa Masoko, na redio haichoki kuimba soko huria, soko huria. Huria ya nani, sijui. Mimi ninachokijua ni kwamba Tawakali aliitisha mkutano wa kijiji, akaleta mgeni mwenye tumbo na miwani, na sisi wanawake tukaambiwa tumpikie pilau. Jogoo aliyechinjwa alikuwa wangu.

Nilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji na jirani yangu Kidawa, moshi machoni, nikamsikia Tawakali akipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mgeni wetu ameomba lile pori la bondeni atuletee maendeleo, na sisi watu wa Pande hatukatai maendeleo, sisi ndio tuliotoa shujaa wa Kagera, tunaye hapa hapa, Mzee Abilahi, simama mzee wangu! Mpigieni makofi ya kilo!"

Makofi yakalia. Nikachungulia, mwiko mkononi, nikamwona mume wangu amesimama wima, saluti kichwani, macho yanang'aa. Kidawa akapiga kigelegele. Nilifurahi, sioni aibu kusema. Neno pori lilinipita tu, kwa kuwa nani angedhani mtu wa Pande ataliita shamba lililopumzika pori? Nilidhani anasema kule ng'ambo ya mto, wanakolala nyani.

Mvua za kwanza ziliponyesha tukachukua mapanga, tukaenda bondeni. Tukakuta vigingi vimechomekwa shamba zima, vimepakwa rangi nyekundu. Abilahi aling'oa kimoja, akakibeba begani mpaka kwa Tawakali.

"Shikamoo, mzee wangu," Tawakali alisema, mnyenyekevu ajabu.

"Marahaba. Nani kachomeka hivi shambani kwangu?"

"Shambani? Lile pori?"

"Tawakali! Baba yako kalima pale, mpaka mmoja na mimi!"

"Mzee, mkutano ulishapitisha. Watu walipiga makofi. Na wewe mwenyewe ulisimama ukampigia mgeni saluti. Sasa leo unanigeuka?"

Damu ilinipanda. "Yale makofi walimpigia yeye," nilimwambia. "Ya vita!"

"Makofi ni makofi, mama Biasha," alinijibu, wala hakunitazama.

Tulikwenda Masoko. Katika ofisi ya ardhi ya wilaya walitukalisha kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha kijana mmoja, rika la Biasha wetu, akatuambia ardhi ya kijiji huamuliwa na kijiji, turudi kwa mwenyekiti wetu. Kwa mwenyekiti wetu! Nilitukana njia nzima. Abilahi alitazama barabara tu, na hilo lilinikera kuliko maneno ya yule kijana.

Haikupita muda Tawakali akabisha hodi nyumbani kwetu, anacheka meno yote nje. Kampuni ya mgeni inahitaji mlinzi wa lile eneo, alisema, nani anajua ulinzi kumshinda askari wa Kagera? Alikuja na sare ya kaki, rungu na filimbi. Nilikuwa natwanga. Niliacha mchi kinuni, nikangoja nimwone mume wangu anavyomtimua.

Abilahi akaipokea sare.

Siku ile sikumpakulia chakula. Nilimwambia alipigania nchi ya watu na yake imemshinda. Nilimwambia Idi Amini alikuwa na afadhali, maana alikuja na vifaru, tukamwona. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Biasha," alisema, "wameniambia nilinde shamba."

"Basi lilinde!" nikamfokea, nikageukia ukutani. Ulikuwa unyonge mtupu, na mimi mwanamume mnyonge simtaki.

Asubuhi niliyosikia kwamba trekta linakuja, nilikwenda bondeni makusudi. Pembeni mwa shamba kulikuwa na muhogo wangu, nikaanza kuung'oa mbele ya macho yake nione kama atathubutu kunifukuza. Hakunigusa. Alisimama katikati ya njia ndani ya ile sare iliyombana mabega, anatazama barabarani.

Gari la mgeni likatokea, trekta nyuma yake. Mgeni amekaa mbele na dereva, Tawakali kiti cha nyuma. Abilahi akainua mkono.

"Mzee, sogea tupite," dereva alisema.

"Mmepewa ruhusa na mwenye shamba?"

"Mwenye shamba si huyu hapa?" dereva akamwonyesha mgeni kwa kidole.

"Simfahamu."

Tawakali akateremsha kioo. "Mzee Abilahi, mzaha gani huu? Wewe si ndiye mlinzi?"

"Ndimi. Nalinda."

Akaweka filimbi mdomoni akapuliza. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kwetu filimbi ya mlinzi ina maana moja tu, na ukiisikia unatoka na chochote ulichoshika, ukibaki ndani utakuja kuulizwa. Watu walitoka mashambani na mapanga, na miundu, na majembe. Kidawa alikuja mbio na mchi. Wakatuzunguka wote, wanahema, wanaangalia vichakani.

"Mwizi yuko wapi, Mzee Abilahi?" wakauliza.

Mume wangu akanyoosha rungu, akalipitisha dirishani mpaka likakaribia kidevu cha mwenyekiti.

"Huyu," alisema. "Kaiba shamba langu kwa makofi yenu."

Nilimwona Tawakali anatafuta uso mmoja wa kumwonea huruma katika umati ule, na nyuso zote alizijua kwa majina. Mgeni akaanza kumhimiza dereva arudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na trekta, na pembeni ya trekta walikuwa wamesimama watu.

Nikadondosha muhogo wangu chini, nikaenda kufungua mlango wa gari, upande wa Tawakali.