Suluhu ya Koridoni

...na mkono wa mama bado uko juu ya joho la wakili wake, mkono wa mfua nguo, ngozi imechanika kwa sabuni kali, na swali bado linaning'inia hapo hapo koridoni, "Wewe mwanangu, ungekuwa mimi ungekubali?", na wakili amefungua kinywa, amekifunga, amejifanya anakohoa, kwa sababu jibu analo, analo tangu asubuhi, jibu fupi, hapana mama, tusikubali, jaji anakaribia kuingia, nasi tunaingia, tunataka hukumu, sema tu, dada, sema, mbona ulimi umekuwa gogo... pale kwenye ngazi wakili wa serikali anacheka na simu yake, Tai, ndivyo walivyomwita chuoni kwa sababu alivaa tai hata bwenini, sasa hivi tu alikuwa ameinama mbele ya benchi lao na ile sauti yake ya asali, "Msomi mwenzangu, tusichoshane, serikali itagharamia upasuaji wa kijana, mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, kila kitu, ila hakuna kukiri kosa, hakuna kuomba radhi, na kesi inaondolewa leo," kisha akamgeukia mama kwa uso wa msibani, "Fikirieni, mama yangu," mama yangu, anamwita mama yangu, mnafiki mkubwa, lakini upasuaji ni upasuaji tu, hata ukitoka mkononi mwa mnafiki, kisu cha daktari kitajuaje nani amelipa... kijana, mwana wa mama huyu, yuko nyumbani saa hizi, amelala kifudifudi kwa ajili ya vidonda, aliingia kituo cha polisi kwa miguu yake akatoka amebebwa kwenye blanketi, na daktari alisema mguu wa kushoto unaweza kurudi ukiwahiwa, ukiwahiwa, alirudia neno hilo huku akimtazama wakili na si mama, kana kwamba mguu uko kwenye mkoba wa wakili... na labda uko, kwa sababu jana jioni afisa wa ule mfuko wa wafadhili unaolipia ofisi yao alipiga simu kutoka huko kwao, sauti tulivu isiyo na haraka ya kwenda popote, "Sisi hatufadhili fidia, wakili, tunafadhili hukumu, tunataka kesi itakayowafungulia wengine mlango, mkimalizana nje ya mahakama, kwetu mradi umekwisha," na si mtu mbaya, ndilo linalouma, angekuwa mbaya ningemtukana nikalala, lakini alimuuliza hata kuhusu kikohozi chake, akamwambia anywe maji ya moto, akasema bodi nayo inambana, na kila mtu anabanwa na mwenzake hadi mwisho wa mstari ambako kuna mguu wa mtoto wa watu... na mfuko ukiondoka ofisi inakwenda, vile vyumba viwili juu ya duka la vioo, mashine ya kunakili inayotafuna karatasi, karani anayeitukana mashine kama mkewe, "Tapika! Nimesema tapika!", na kwenye ngazi za nje watu wamekwishakaa kabla hata kufuli halijafunguliwa, mjane aliyetimuliwa na shemeji zake, mlinzi aliyenyimwa mshahara, na huko gerezani wale vijana wa rumande waliosahauliwa na kila mtu isipokuwa yeye na askari anayewafungia mlango, je, wao hawana mama, wao walizaliwa na ukuta, akisema kubali mama, anawaacha wote kwa ajili ya mguu mmoja... mguu mmoja, ee Mungu, nimefika mahali pa kupima watu kwa mguu, "...maana mguu wenyewe usiku haulali, unauma," mama anasema kitu, amekisema nusu na wakili ameshika mkia tu wa sentensi, anatikisa kichwa kama aliyesikia, ndiyo mama, ndiyo, na anaukumbuka mdomo huohuo siku wageni wa mfuko walipokuja, yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza mama kueleza, kwa nia safi kabisa, anza na hodi ya usiku ule, mama, halafu kituo, halafu blanketi, usiruke kwa daktari mapema, watapotea njia, na mama akashika, mwanafunzi hodari, mpaka ile ziara ya mwisho wageni wakiwa bado wanahema kwenye ngazi akamvuta kando, akamnong'oneza kwa dhati, kama mpishi anayeulizia chumvi, "Leo nilie, au nisilie?" na wakili akacheka, akacheka kweli, akasema ije vyovyote itakavyokuja, mama, na mama akalia, palepale alipofika kwenye blanketi, wala halikuwa chozi la uongo, na mpiga picha akalipata, na ripoti ya mwaka ikatoka na uso ule kwenye jalada, na karani akasema, "Mama katoka vizuri," na hakuna aliyeona ajabu... la, mama anataka hukumu, usimdharau, ni yeye aliyesema, siku ya kwanza kabisa, alikaa kwenye kiti kibovu akasema nataka mtu wao asimame mbele za watu aseme tulimpiga, sitaki kingine, na wakili alisisimka mwili mzima, akaliweka neno lile kwenye maombi ya ufadhili, kwenye hotuba, kwenye mahojiano ya redio... lakini mama amelisema tena lini, hebu kumbuka, siyo mwezi huu, siyo wakati wa mvua, mama siku hizi anazungumza godoro, anazungumza jinsi ya kumgeuza kijana bila kumtonesha, ni mimi ninayesema aseme tulimpiga, tulimpiga, ni mdomo wangu, mama alikwisha kulitua neno lile njiani na mimi nikaliokota nikaendelea kulibeba kwa jina lake... "Nisije nikawaangusha, mwanangu," mama anasema, na safari hii wakili amesikia yote, kila herufi, "mmehangaika mno na mimi, tena bure, hamjanidai hata nauli," bure, na mkono unalibana joho kidogo, na ndipo wakili anapoona, kama mtu aliyewashiwa taa machoni, kwamba huyu mama haombi ushauri wa sheria hata chembe, anaomba ruhusa, yuko tayari kumwacha mwanawe kwenye lile godoro bila upasuaji kwa sababu ya adabu, ili asiwavunje moyo watu waliomsaidia bure, na si bure, mama, haikuwa bure hata siku moja, mlipaji ulikuwa wewe... Tai bado anacheka pale kwenye ngazi, mlango wa mahakama bado umefungwa, mkono haujasogea, na lile jibu fupi la asubuhi wakili analitafuta halioni, ila anajua sentensi ya kwanza itakuwaje, atamwambia ni nani anayemlipa yeye wakili, na kwa ajili ya nini, na kwamba akikubali suluhu hamwangushi mtu, na likishatoka hilo atanyamaza, hata kama kunyamaza kutamgharimu ofisi nzima, ili mama ajibu mwenyewe bila kuutazama uso wake kwanza...