Ushuhuda wa Vestina

Asubuhi ile Vestina alipofika kwa bibi Mpawenimana na birika lake la maji ya moto, alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Haikuwa kawaida. Kila kulipopambazuka, ukungu ungali umelalia mihogo ya Kumsenga, Vestina alipiga magoti kando ya kitanda chake, akasoma Neno, akaomba, kisha akavuka njia kwenda kumwosha bibi yule kidonda cha mguu. Kwake yeye sala na kidonda vilikuwa kitu kimoja. Akikosa kimojawapo, siku nzima humwendea upogo.

"Mwakeye, bibi!" alisalimu kwa Kiha. "Ni mimi, Vestina."

"Najua ni wewe," sauti ilijibu kutoka ndani. "Rudi kwako na maji yako."

"Umelala vibaya? Mguu unauma?"

"Mguu ni wangu. Katafute mwingine wa kumhubiri."

Vestina alibaki amesimama, birika likimchoma vidole. Ndipo Siti, jirani mwenye kiduka cha sabuni na mafuta, alipotoka akijitanda mtandio, akamshika mkono na kumvuta pembeni.

"Dada Vestina, ulisema nini kule Kasulu?"

Kule Kasulu kulikuwa na kongamano la akina mama wa kanisa. Walipoitwa wenye ushuhuda, naye alisimama. Hakukusudia ubaya. Alitaka kuwaambia wenzake kwamba sala isiishie magotini, imfikie na maskini. Lakini watu walipoitikia "Amina!" na vigelegele vikapanda, ulimi wake uliteleza kama uliopakwa mawese. Akamtaja bibi kwa jina. Akasimulia harufu, na funza aliowatoa kwa kijiti, na shuka zilizolowa mkojo. Akamalizia kwa kusema bibi huyo hana mtu, mwanawe wa pekee amemtupa. Akina mama walilia. Mmoja wao alikuwa akirekodi kwa simu.

"Video imefika Manyovu," Siti alisema. "Mwanawe, Niyongabo, anafanya kazi huko, amewakuta watu wanaitazama kwenye kibanda cha chai, wanacheka. Jana alipiga kwenye simu yangu, nikampelekea mama yake. Akamuuliza neno moja tu: 'Mama, ni kweli?' Wallahi, bibi alinirudishia simu bila kujibu."

Tangu siku ile Siti ndiye aliyemwosha bibi, akiiba muda kati ya mteja na mteja. Vestina aliendelea kuamka na kupiga magoti, lakini sala ilimkauka kinywani. Alifungua Biblia, akasoma mstari uleule mara kwa mara, na kila alipofumba macho aliona mlango uliofungwa. Alijiuliza: nilikuwa nakwenda kumtazama bibi, au nilikuwa nakwenda kujitazama mwenyewe? Na Siti alipomwambia kwamba nyama ya kisigino imeanza kuwa nyeusi, na bibi hataki kusikia habari za hospitali, hakuweza kuvumilia tena.

Alikwenda bila birika. Akakaa chini, mgongo ukiegemea ukuta, hadi bibi alipofungua mwenyewe kutaka jua.

"Nimekukosea, bibi," Vestina alisema. "Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima, nitubu."

"Ili wanisikie mara ya pili?"

Vestina aliinamisha kichwa. Kuku walipita katikati yao wakidonoa.

"Nifanye nini basi?"

Bibi aliukunjua mguu wake polepole juani. "Niyongabo akipiga simu, nilikuwa namwambia mguu umepona. Ana watoto, na ni mgongo wake ndio unaowalisha. Nilimficha. Wewe ukawaambia watu amenitupa. Haya, nenda ukamwambie nani alimficha. Nenda peke yako, na ukirudi usimsimulie mtu."

Vestina alipanda basi hadi Kasulu, akaunganisha gari la Manyovu. Alimkuta Niyongabo mpakani, akishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye lori, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alipomtambua, alitaka kugeuka aondoke, kisha akasimama. Vestina alimweleza yote, bila kujitetea. Kijana yule hakumtazama hata mara moja.

"Alikuwa ananichekesha kwenye simu," alisema mwishowe. "Anasema anaweza kucheza ngoma kwa mguu ule." Akaketi juu ya mfuko. "Ulimwosha kweli?"

"Nilimwosha."

"Hapo ndipo ninaposhindwa. Ungekuwa mwongo ningekuchukia tu, yakaisha."

Walirudi pamoja. Kesho yake Niyongabo alikodi gari la kumpeleka mama yake hospitali. Kabla hawajambeba, bibi alimnyooshea Vestina mguu. Vestina alikimbilia maji. Aliosha taratibu, akafunga kitambaa safi, na kwa mazoea akafungua kinywa aombe. Bibi alitikisa kichwa. Vestina akanyamaza. Gari likaondoka, na funguo za nyumba bibi alikuwa amemwachia Siti.

Mguu ulikatwa chini ya goti, kisha Niyongabo akamchukua mama yake akae kwake Manyovu. Habari hiyo ilifika kupitia simu ya Siti, na kwa siku nyingi hapakuwa na salamu kwa Vestina. Hakuomba atumiwe. Asubuhi moja Siti alimwita akiwa amefunika simu kwa kiganja. "Anakutaka."

"Vestina," sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, "umesali leo?"

"Nimepiga magoti, bibi."

"Ukamwambia Mungu nini?"

Vestina alitafuta neno la heshima, akalikosa. "Sikumwambia kitu. Nilikaa tu, nikaogopa."

Ng'ambo ya pili kulikuwa na kikohozi.

"Basi kaa hivyohivyo kwanza," bibi alisema. "Ukipona, njoo Manyovu unione. Njoo mikono mitupu."