Ngazi ya Tatu

Fundi mwashi alivunjika nyonga asubuhi moja kabla hata hajanywa chai, na tangu hapo akawa na uongo mmoja tu, akaung'ang'ania: kizunguzungu. Alimwambia mkewe aliyemkuta amelala chini ya ngazi za nyumba yao. Akawaambia majirani waliombeba. Akamwambia daktari aliyemfunga vyuma, na daktari, maskini, akaamini. Wakampima presha, wakampima sukari, wakamtoa damu mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwahurumia, na kila jibu likarudi safi. "Ajabu," alisema daktari. Fundi akaitikia kwamba ni ajabu kweli.

Ukweli ulikuwa huu. Ngazi za mbele ya nyumba alizijenga mwenyewe miaka miwili nyuma, zote tano, Jumamosi moja ya haraka haraka, huku akili yake yote iko kwenye kazi ya mteja. Ya tatu ikazizidi nyingine kimo kwa inchi mbili. Kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa saidia fundi wake siku hiyo, alisimama na ndoo mkononi akasema, "Shemeji, hii ya tatu naona imezidi." Fundi hata hakugeuka. "Wewe changanya zege," alimjibu. "Ngazi niachie mimi." Zege likakauka hivyo hivyo. Nyumba nzima ikajifunza kuinua goti zaidi pale wakati wa kupanda na kujihadhari wakati wa kushuka, mpaka asubuhi ile fundi aliposhuka mbiombio, simu sikioni, na mguu ukatafuta ngazi mahali ambapo ngazi haikuwepo.

Sasa mtu ambaye nusu ya maghorofa ya mji huo yanapandwa kwa ngazi zake angesema nini? Wateja tuwaweke kando. Shemeji je? Shemeji alikuja kumwona wodini, akaketi, akaweka machungwa mezani, akauliza kwa upole uliomkera fundi kuliko kidonda, "Ulianguka ngazi ya ngapi?"

"Kizunguzungu hakichagui ngazi," alisema fundi, akageukia ukutani.

Siku ya pili baada ya upasuaji waliambiwa kwamba mtu wa mazoezi anakuja. Fundi alitegemea mwanamume wa miraba minne. Akaingia mwanamke mfupi, mwembamba, viatu vya raba, mkanda mpana umening'inia begani na futi ya kupimia imetuna mfukoni. Akasalimia kila kitanda alichopita, akasimama kwenye cha fundi.

"Mimi ni msaidizi wa mtaalamu wa viungo," alisema. "Mtaalamu mwenyewe anapita Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine zote uko na mimi."

Yaani wameniletea saidia fundi, alijisemea fundi moyoni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi cherehani mzee aliyekuwa hapo kabla yake, akamnong'oneza, "Huyo anaitwa Simama Kwanza. Utajua kwa nini."

"Dada," fundi akamwambia, "mimi nina kilo tisini na tano. Tafuta wanaume wawili."

"Wanaume wawili watakuinua," alisema Simama Kwanza. "Mimi nataka uinuke."

Akamfunga mkanda kiunoni. Akamwambia asogee ukingoni mwa kitanda, mguu mzima aurudishe nyuma, mgonjwa autangulize mbele, mikono ikandamize godoro. Kisha akasema jambo ambalo fundi hakuwahi kuambiwa na mtu maishani mwake: ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Fundi akainama ili tu amwonyeshe kwamba haiwezekani, na kabla hajamaliza kumdharau akajikuta wima, mikono kwenye fremu ya kutembelea.

"Usitembee. Simama kwanza," alisema yule mwanamke, mkono wake mmoja umeshika mkanda. "Acha damu ifike kichwani. Acha mguu ujue uko chini."

Maumivu yalikuwepo, na makali. Lakini fundi ni fundi, na katikati ya maumivu alikuwa anapiga hesabu. Huyu mtu hakumvuta. Aliupeleka uzito mahali unapotakiwa kuwa, ukainuka wenyewe, kama mtu anavyoling'oa jiwe kubwa kwa mtaimbo baada ya kujua pa kuuchomeka. Hiyo haikuwa nguvu. Ilikuwa kazi ya mtu anayeijua kazi.

Tangu hapo akawa anamtazama, maana mgonjwa hana shughuli nyingine. Alimwona anavyochukua kila fremu na kupitisha kidole gumba kwenye mipira ya miguu yake kabla hajampa mtu, akikuta uliolika anauweka pembeni. Fundi naye hakuruhusu mtu apande jukwaa la ujenzi kabla hajazivuta kamba zake mwenyewe. Alimwona anapiga magoti sakafuni kurekebisha kimo cha fremu ya bibi mmoja kwa tundu moja tu, na bibi akaacha kulalamika bega. Alimwona anamdanganya fundi cherehani atembee hadi dirishani kwa kumwambia huko nje kuna gari limeziba geti na watu wanatukanana. Mzee akafika, akakuta getini peupe, akacheka mpaka akarudi kitandani bila kukumbuka kuchoka. Kwa siku moja Simama Kwanza aliinua watu kumi na wanne, na jioni alitoka akiwa amejishika kiuno, na hakuna aliyempigia makofi. Fundi aliona aibu kwa lile neno alilojisemea moyoni siku ya kwanza.

Ndipo wiki ya pili ikaja na daftari.

"Nieleze nyumbani kwako," alisema Simama Kwanza, kalamu tayari. "Mlango wa mbele una ngazi?"

"Tatu."

"Zinalingana?"

"Dada, unaongea na fundi."

"Kuna cha kushikilia?"

"Bomba, huku na huku."

Uongo mara tatu kwa pumzi moja. Fundi alizitazama zile herufi zikiandikwa, akahisi masikio yanapata moto. Alijua vizuri anachokifanya. Anachoandika yule mwanamke ndicho atakachomfundisha, na Ijumaa mtaalamu atampima kwa hicho hicho, ampe ruhusa ya kwenda nyumbani. Daktari alishamwambia bila kumung'unya: akianguka tena vyuma vitahama, atapasuliwa upya, na jukwaani hatapanda tena. Bado akanyamaza. Kila alipofungua mdomo aliuona uso wa shemeji juu ya yale machungwa.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na ngazi za mbao, nne, za kimo kimoja, na bomba pande zote mbili. Gongo mkono mmoja, mkono mwingine kwenye bomba. "Kupanda, mguu mzima unatangulia," alifundisha Simama Kwanza. "Kushuka, mgonjwa anatangulia." Fundi akapanda. Ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu goti likapaa juu kupita kiasi, mguu ukashuka kwa kishindo kwenye mbao. Ya nne vizuri, halafu mguu ukainuka tena hewani, ukatafuta, ukakosa. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Jumatano Simama Kwanza alichuchumaa pembeni, kidevu usawa wa ngazi, jicho moja amelifumba, akautazama mguu unavyopita. Fundi aliutambua ule mkao. Ndivyo yeye anavyokagua mstari wa tofali wa fundi asiyemwamini. Jasho likamtoka, na halikuwa la mazoezi.

Alhamisi asubuhi alipofika alikuta pazia limevutwa kuzizunguka zile ngazi. Juu ya ngazi ya tatu palikuwa na ubao umefungwa kwa kamba imara na kuvishwa raba. Mbele ya ya nne pamewekwa sanduku zito la mbao, likawa ngazi ya tano. Bomba zote mbili zilikuwa zimeviringishwa vitambaa, alama ya kwamba haziguswi.

"Hizi ni nini?" aliuliza fundi, ingawa alijua.

"Za kwako."

"Za kwangu ni tatu."

"Ndivyo ulivyoniambia," alisema Simama Kwanza kwa sauti ndogo, maana pazia halizuii masikio. "Mguu wako unasema ni tano, na ya tatu imezidi. Na mkono wako haukumbuki bomba mpaka nikuambie. Unashika paja, maana nyumbani huna cha kushika. Huo ubao nimebahatisha, inchi moja na nusu. Imezidi kiasi gani hasa?"

Fundi alifikiria kukasirika. Alifikiria hata kupata kizunguzungu palepale. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshatoa futi mfukoni, anangoja kipimo, na usoni mwake hapakuwa na kicheko wala hukumu. Alikuwa anangoja namba tu.

"Inchi mbili," alisema fundi. "Na hakikuwa kizunguzungu."

"Najua. Mtu wa kizunguzungu anaogopa kichwa chake. Wewe unaogopa ngazi." Akaandika kwenye daftari, akaufuta mstari wa zamani. "Na mimi nilikosea. Nilikuuliza una ngazi ngapi. Ningekuuliza ulianguka ya ngapi."

Fundi akatazama chini. "Swali hilo kuna mtu alishaniuliza."

"Nani?"

"Saidia fundi wangu."

"Ana jicho huyo," alisema Simama Kwanza, akaenda kabatini, akaleta kipande cha nusu inchi.

Walipanda mara kumi na moja asubuhi ile, magongo mawili, bila bomba. Mara ya nne fundi aliyumba, na mkanda ukamkaza kiunoni kabla hajajua kama anayumba. Kila walipofika chini ya ile ya tatu alimsimamisha. "Simama kwanza. Itazame. Sasa." Mara ya kumi na moja fundi alipita juu ya kosa lake mwenyewe, akashuka kutoka hapo na mguu wa chuma ukitangulia, na alipofika chini machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuyaficha. Alikuwa amechoka kuficha vitu.

Ijumaa mkewe aliitwa aje kujifunza pa kusimama. Aliingia, akaziona zile ngazi, akasita na mkoba mkononi.

"Hee," alisema, "hizi si zetu?"

Mtaalamu, kijana mwenye miwani, akauliza ule ubao ni wa nini. "Ni ngazi za nyumbani kwake, daktari," alisema Simama Kwanza. "Ndivyo zilivyo." Basi. Hakuongeza neno, na mtaalamu hakuuliza zaidi. Mke akamtazama mume, akatazama ule ubao, akamtazama tena mume. Wanawake wana namna ya kumaliza mazungumzo marefu bila kufungua mdomo.

Fundi akapanda, akashuka. Mtaalamu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi. Sahihi ilikuwa yake, haina ubishi, lakini fundi alijua ukuta ule umejengwa na nani. Wakati wa kuaga alishika mkono mdogo wa yule mwanamke, akakuta umeota sugu mahali mkanda unapokaa, kama wake ulivyoota mahali pa mwiko.

"Asante, fundi," alimwambia. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimwita mtu mwingine jina hilo.

Nyumbani majirani walikuwa wamejaa uani. Shemeji alikuwa ameshaleta kiti na kamba, ametafuta na vijana wawili, tayari kumbeba mpaka sebuleni.

"Niacheni," alisema fundi.

Mke akamshika mkanda walioazimwa hospitalini, akasimama ngazi moja nyuma yake, upande wa mguu mgonjwa, kama alivyofundishwa. Ya kwanza. Ya pili. Chini ya ile ya tatu fundi akasimama, akaitazama, akaacha damu ifike kichwani. Mguu mzima, kisha mgonjwa na magongo. Ya nne. Ya tano. Watu wakashusha pumzi, mmoja akaanza kusema ashukuriwe Mungu kwa kile kizunguzungu kuisha.

"Hapakuwa na kizunguzungu," alisema fundi.

Aligeuka taratibu, hatua ndogo ndogo, akawa anawatazama wote kutoka juu. Akamtafuta mmoja.

"Shemeji. Ile ya tatu imezidi. Uliniambia, nikakuambia uchanganye zege. Ndiyo iliyoniangusha."

Shemeji hakucheka. Alikuwa amekingoja kicheko hicho miaka miwili, na kilipofika hakukitaka. Alikiweka kile kiti chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaangalia pembeni.

"Hata mimi nilipaswa kurudia kusema," alijibu. "Nilisema mara moja, nikasusa."

Fundi aliomba kiti kipandishwe juu, akaketi pale mlangoni, mguu ameunyoosha. Akamwomba mkewe amletee futi kwenye mfuko wa zana. Ilipokuja hakuivuta. Alimkabidhi shemeji.

"Pima wewe," alisema, akanyoosha mkono. "Nipe ncha nishike."