Mbegu Katika Chupa ya Dawa

Askari alikiweka kikopo cha peremende juu ya boneti ya pikapu yangu, akakifungua kwa ukucha, akacheka.

"Peremende gani hizi, Delmer? Au umerudi kazini?"

Ilikuwa Jumanne, wiki ya tatu tangu tumzike Mama. Tulikuwa tunarudisha mabakuli ya majirani waliotuletea chakula cha msiba. Yalikuwa yakigongana nyuma njia nzima, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa kwenye kitako. Askari alitusimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma haikuwaka. Alipoomba kupekua, nilimwambia apekue tu.

Mdogo wangu Delmer alikuwa ametimiza miaka miwili bila kugusa dawa za kulevya. Kaunti nzima ilimjua alivyokuwa zamani, na kaunti nzima ilikuwa inasubiri arudi huko.

"Ni dawa za Mama," alisema. "Za maumivu, zile kali za kuandikiwa na daktari. Vidole vyake vilishindwa kufungua chupa, akazihamishia humo. Chupa iko nyumbani, ina jina lake. Dada, mwambie."

Askari akanigeukia. "Haya, bibi. Unajua habari za vidonge hivi?"

Nilijua. Mama alikiacha kikopo kwenye pikapu siku tuliyompeleka hospitali mara ya mwisho. Nilijua pia kwamba chupa haikuwa na jina tena. Niliiloweka kwenye sinki, nikabandua karatasi, nikatia mbegu za maharage yake, kama alivyofanya yeye kila mwaka. Kabati letu limejaa chupa za namna hiyo. Na kulikuwa na jambo la tatu. Siku chache kabla nilikuwa nimekishika kikopo kile, nikakiona chepesi. Nikamfikiria Delmer.

"Sijui," nikasema.

Askari akaandika. Delmer alinyoosha mikono afungwe pingu, kabla hajaambiwa.

Kutafuta wakili kulinifundisha jinsi watu wanavyokata simu. Yule mwenye bango la picha yake kando ya barabara kuu, meno kama mlango wa gereji, aliniuliza swali moja: "Alikutwa nazo au hakukutwa nazo?" Mwingine alisema anamfahamu Delmer, asante, siku njema. Mwishowe mahakama ikampa Delmer wakili wa bure, Bi. Ostrander, aliyebeba mafaili kwenye kapu la nguo chafu na kula tufaha huku akisoma.

"Sheria haiulizi alimeza au hakumeza," aliniambia. "Inauliza kama alijua vipo na kama angeweza kuvifikia. Vilikuwa chini ya kiti chake, na amekiri anajua ni nini."

"Vilikuwa vya Mama."

"Hapo ndipo ningepigania. Watu wa nyumbani hubaki na dawa za marehemu, si ajabu. Lakini nahitaji mtu wa kuthibitisha." Akageuza karatasi ya polisi kunielekea. "Aliyekuwepo alisema hivi."

Neno langu lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa.

"Nitasema ukweli mahakamani."

"Watakuuliza siku ile ulidanganya kwa nini. Kisha watakuuliza pikapu ni ya nani, na kesi inaweza kukugeukia wewe. Tafuta wakili wako, mama. Mimi ni wa Delmer."

Nilirudi kesho yake na karatasi ya duka la dawa na kalenda ya jikoni. Kila alipomeza kidonge, Mama alichora msalaba. Bi. Ostrander alihesabu, akaweka tufaha chini, akahesabu tena. Aliandikiwa vidonge sitini. Misalaba ilikuwa arobaini na mitatu. Askari aliandika kwamba kikopo kilikuwa na kumi na saba.

"Hakugusa hata kimoja," nikasema.

"Hakugusa. Na hayo ndiyo maneno uliyopaswa kumwambia askari siku ile."

Kalenda ilimpunguzia kifungo, haikukifuta. Mwendesha mashtaka alitaja rekodi ya zamani, akataja neno langu, na Delmer akakubali kosa ili asipate miaka mingi zaidi. Kwenye ukumbi wa mahakama walituachia dakika moja. Alikuwa amenyoa, shati la mazishi ya Mama limemkaa pana mabegani.

"Ulidhani nimevimeza."

"Niliogopa, Delmer. Pikapu ilikuwa yangu, halafu..."

"Ulidhani nimevimeza, Verlene."

Maisha yake yote aliniita dada. Mlinzi akamgusa kiwiko, wakaondoka, na viatu vyake visivyo na kamba vikaburuzika hadi kwenye lifti.

Mwezi Mei nilipanda maharage. Yameota vizuri, yamepanda waya hadi juu ya dirisha la chumba chake. Chupa nimeiosha, nimeirudisha kabatini.

Kwenye gereza lile mfungwa ndiye anayeandika majina ya watu wanaoruhusiwa kumtembelea. Delmer ameandika matatu. Langu halimo.