Aliyecheza Mama

Walimwita Msusi hata baada ya kuacha kusuka. Zamani alikuwa na kibanda karibu na stendi, na wanawake walikaa kwenye kigoda chake kutwa nzima bila kunung'unika, maana vidole vilisuka na mdomo ukasimulia. Siku moja mwenye ofisi ya ajira za ng'ambo alisimama mlangoni akimsikiliza anavyombembeleza mteja aliyelia kwa kuvutwa nywele. Akamwambia kwamba kinywa kama kile kukimalizia kwenye rasta ni dhambi. Msusi alicheka, lakini mwezi ule ule akafunga kibanda.

Mwenye ofisi alijulikana kwa jina la Mwalimu. Alikuwa mpole, shati limenyooshwa, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilikubidi umsogelee ndipo umsikie. Kazi yao ilikuwa kutafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani nchi za mbali. Wasichana wenyewe hawakuwasumbua. Katika umri ule mtu akionyeshwa picha ya ndege tayari keshapanda. Kisiki kilikuwa wazazi. Basi kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, viti vilipangwa viwili viwili vikitazamana. Mmoja akawa mzazi, mwenzake akawa mtu wa ofisi, wakajizoeza.

Msusi ndiye aliyecheza mama. Alijitanda mtandio, akaweka mikono mapajani, akashusha pumzi, na mara akawa mama kweli. Akiugua huko nani atamuuguza? Pasipoti yake atakaa nayo nani? Baba wa nyumba ile akimwingilia chumbani, atamkimbilia nani? Aliyekaa mbele yake kwa kawaida alikuwa Dereva, pande la mtu lililowahi kuendesha malori, na maswali yale yalimtoa jasho mpaka wenzake wakamcheka.

Hapo Mwalimu aliwanyamazisha kwa kiganja. "Mzazi hapingi," alisema. "Mzazi anaogopa, na mwenye woga hatafuti jibu, anatafuta mtu wa kumshika mkono. Anzeni kwa kumkubalia. Mwambieni, hata mimi ningekuwa wewe ningeuliza hivyo hivyo."

Msusi aliyapenda mafunzo yale. Aliyaona kama kuchana njia kichwani: ukiipata njia, nywele zote zinalala. Jambo moja tu lilimkera. Katika chumba cha ndani kulikuwa na simu iliyoita mara kwa mara, ikaita mpaka ikachoka, na hakuna aliyeruhusiwa kuipokea.

Asubuhi moja, akiwa amekolea katika umama wake, swali lilimtoka bila kulipanga. "Sawa, nimekuelewa, baba. Basi nionyeshe binti mmoja tu aliyekwenda akarudi, nikae naye nimuulize mwenyewe."

Dereva alijifuta jasho. Hakuna aliyecheka. Msusi alitazama picha za wasichana zilizojaa ukutani, akataka kumsaidia mwenzake kwa kumtajia mmoja, akashtuka kuona hata yeye hana wa kumtaja. Simu ya ndani ilianza kuita.

Mwalimu hakukasirika. Alimshukuru mbele ya wote, akasema hilo ndilo swali bora tangu ofisi ianze. Baadaye alimwita faraghani, akamweleza kwamba mikataba ya mabinti haijaisha, watarudi tu, subira yavuta heri. Lakini wazazi hawana subira. Wanahitaji kumwona aliyerudi. Na nani atafaa kuliko yeye?

Msusi alipotoka alimkuta Dereva akifuta kioo cha gari. Alimuuliza kama kweli hakuna hata mmoja. Dereva aliendelea kufuta mahali palipokwisha takata. "Mimi nawapeleka uwanja wa ndege," alisema. "Sijawahi kutumwa kupokea mtu."

Angeweza kuacha siku ile. Alijiambia ataacha baada ya nyumba moja tu, kisha akakaa akafundishwa kujifanya binti aliyerudi: nyumba aliyofanyia kazi, watoto aliowalea, baridi ya kule, bibi wa nyumba aliyemlilia wakati wa kuagana. Wakampeleka kwa mama mmoja mshonaji, mjane mwenye binti mmoja, waliokaa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusagia nafaka.

Mshonaji alimkaribisha, akaendelea kutia nyuzi kwenye cherehani huku akisikiliza. Hakuuliza habari za pasipoti wala ugonjwa. Binti alikaa mlangoni, macho yamemganda Msusi kama anayetazama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Mwishowe mama aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, huko ulikokuwa, kitu gani kilikuuma zaidi?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Kilichomjia Msusi ni miezi ile baada ya kumzika mama yake mzazi. "Kukosa mtu wa kuniita kwa jina la utotoni," alisema, na sauti ikamkatika kweli.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Machozi yakamlenga, akamwambia binti yake kwamba sasa ameridhika. Mtu aliyepitia jambo hujulikana.

Kuanzia hapo Msusi hakulala vizuri. Uongo wote waliomfundisha haukumfunga mama yule. Kilichomfunga ni neno la kweli, na neno hilo lilitoka moyoni mwake mwenyewe.

Siku moja kabla binti hajaondoka, alikwenda pale kwa kisingizio cha kumsuka. Mshonaji alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Msusi alimkalisha chini, akaanza msuko mmoja, wa pili akashindwa. Akamwambia yote: hajawahi kupanda ndege, hakuna nyumba, hakuna watoto, na wala hamjui binti hata mmoja aliyerudi.

Binti hakugeuka. Mabega yake yalitikisika, na Msusi akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mwalimu alituambia," alisema binti. "Alisema siku za mwisho atakuja mtu tunayemwamini, hata wa ofisini, atutishe, ili waone nani ana moyo na nani wa kuachwa. Nimefaulu, dada?"

Msusi alimgeuza kwa mabega. "Nitazame. Huu si mtihani. Usiende."

"Nakuelewa," binti akajibu kwa upole, akamshika mkono. "Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

Msusi aliuchomoa mkono wake. Alimsubiri mama hadi aliporudi, akarudia maneno yale yale kwake. Mshonaji aliamini. Aliamini papo hapo, bila swali, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa. Alimtukana Msusi matusi ya nguoni, akamfukuza, akafunga mlango kwa kufuli na ufunguo akautia kifuani. Lakini mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, na huyu hakungoja kupewa. Kulipopambazuka dirisha lilikuwa wazi na begi halipo. Mshonaji alipokimbilia ofisini alikuta mlango umefungwa; dirishani aliona picha zimebanduliwa ukutani, na ndani simu inaita.

Mshonaji alipiga namba ya binti mpaka vidole vikamuuma. Alipita kila ofisi ya serikali aliyoelekezwa, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa binti ni mtu mzima, alisaini mwenyewe. Kisha siku moja alitokea nyumbani kwa Msusi. Hakumsalimu wala hakumtukana. Alisema, "Unazijua nyumba nyingine walizokwenda wale wa ofisini. Vaa viatu."

Wakaanza na nyumba yenye geti la bluu, ambako binti wa pale alikuwa bado hajasafiri. Mama mwenyewe alifungua. Mshonaji alimweleza taratibu, hatua kwa hatua, na Msusi akakiri sehemu yake mbele ya mtu asiyemjua. Yule mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwaletea maji, akangoja wanywe, akapokea bilauri.

"Poleni sana," alisema. "Tuliambiwa mtakuja."

Akasukuma geti polepole, akatia komeo kwa ndani.

Mshonaji alikaza mtandio wake, akamuuliza Msusi nyumba inayofuata iko upande gani.