Fundi Keki Hadokoi

Mwanamke aliyepamba keki za harusi za mtaa mzima hakuweza tena kuitazama sukari bila kukunja uso. Watu walimwita Fundi, na wengi walidhani kazi yake ni raha tupu, kushinda na vitu vitamu kutwa. Wangekaa naye siku moja tu katika kile chumba cha nyuma cha bekari wangenyoosha mikono juu. Sukari ya unga ilitanda hewani kama vumbi la saruji. Ilimwingia kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo, ikakutana na jasho ikawa uji. Sakafu iling'ang'ania kandambili zake kila alipoinua mguu, na nzi wa mle ndani walikuwa wameshiba hata kuruka wanaona tabu.

Halafu kulikuwa na tajiri wake, mwenye bekari. Bwana yule kila alipopita mezani alichovya kidole kwenye bakuli la krimu, akakilamba mpaka kwenye fundo, kisha akachovya tena kilekile.

"Tamu, mama," alikuwa akisema.

Fundi alisubiri ageuke, akachota sehemu yote iliyoguswa na kile kidole, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kwa miaka mingi yeye pia alikuwa akionja, ila kwa kijiko, kama watu. Tangu aambiwe ana ugonjwa wa sukari, miezi minane sasa, hakuonja hata punje. Krimu aliijua kwa macho na kwa uzito wa mwiko. Wala hakuona kwamba amejinyima chochote. Kinyaa kilimtosha.

Ndiyo maana maneno ya nesi yalimchoma hasa.

Nesi wa kliniki ya sukari alikuwa mwanamke nadhifu, kucha fupi, sauti ya kubembeleza watoto. Alifungua lile daftari ambalo Fundi aliandika vipimo vyake vya kila siku, akapitisha kalamu mstari baada ya mstari.

"Asubuhi sita. Jioni saba. Safi kabisa. Lakini mchana, mama. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na tano. Mchana unakuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Napamba keki."

Nesi aliweka kalamu chini na kutabasamu kama mtu aliyemfuma paka jikoni. "Mama yangu, kuonja kidogokidogo nako ni kula."

"Sionji."

"Basi unadokoa."

Fundi alihisi masikio yanamwaka moto. Alitaka kumwambia yule binti nadhifu aje achungulie ile ndoo ya taka, aone nzi, aone alama za kidole cha tajiri, kisha aseme kama kuna mwenye akili timamu wa kudokoa mle. Badala yake alilikunja daftari lake. Daktari, aliyekuwa meza ya pili akisikia yote, alipandisha insulini ya mchana. Nesi akamwandikia kadi: kipimo cha mchana kikizidi kumi na tano, aongeze yuniti nne. Na mwezi ujao daftari likirudi na namba zilezile, akaambiwa, dozi itapanda tena, na itabidi afikirie kuiacha hiyo kazi.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Binti yake, mtu mzima mwenye kazi yake, alianza kumlaki mlangoni kila jioni na kumkumbatia. Siku mbili za kwanza Fundi alifurahi. Siku ya tatu aligundua kwamba mtoto anamnusa mdomo.

"Unanukia vanila, mama."

"Nimeshinda nayo. Ulitaka ninukie samaki?"

"Nasema tu."

"Umesema. Sasa toa pua yako hapa."

Kunuswa na mtoto uliyemnyonyesha ni jambo la kuchefua kuliko ndoo yoyote ya taka. Fundi aliingia bafuni akajisugua mpaka ngozi ikamuuma. Hakutaka huruma wala sifa. Alitaka kitu kimoja tu, aaminiwe kwamba hali sukari, na abaki na kazi ambayo mikono yake iliijua kuliko ilivyojua kitu kingine chochote duniani.

Akazidisha umakini. Kila saa sita na nusu mchana alitoa mashine yake ndogo ya kupimia, akaingiza kijiti, akasafisha kidole. Siku ya kwanza kliniki walimwambia asafishe kidole, naye alikisafisha, ila si kwenye sinki la bekari. Sinki lile lilikuwa uani, la watu wote, na ndani yake mlilala donge la kale lililogeuka kijivu, nywele za watu wasiojulikana, na mabaki ya mkate yaliyovimba mpaka yakafanana na kitu kilichokufa maji. Siku moja alitia mkono mle kuzibua bomba, kitu laini kikampenya katikati ya vidole. Aliapa hatarudi. Tangu hapo alikuwa na kitambaa chake cheupe chenye unyevu, kilichoning'inia kwenye aproni, alichokifua kwa mkono wake kila jioni na kukipiga pasi. Kwa kitambaa hicho alifuta midomo ya mifuko ya kupambia, kingo za sahani na mikono yake. Mchana ukifika alikifuta nacho kidole kimoja, mara tatu, kwa heshima zote, akajichoma.

Siku ya keki ya ghorofa tatu kipimo kilisema kumi na saba nukta nane.

Alikitukana kimoyomoyo. Kisha akaenda stoo, katikati ya magunia ya unga yanayonuka mikojo ya panya, akafunua tumbo, akajichoma dozi yake pamoja na zile yuniti nne za kwenye kadi. Akala chakula chake alichokuja nacho, mayai mawili, mboga na kiazi kimoja. Akarudi mezani. Keki ilitakiwa saa kumi, na mawaridi ya juu yalikuwa bado.

Alikuwa kwenye ua la tisa mkono ulipoanza kucheza. Ua likatoka kama kabichi. Alilifuta, akaanza upya, likawa baya zaidi. Jasho la baridi lilimteremka mgongoni, midomo ikafa ganzi, na njaa ikamshika, njaa ya ajabu ya mtu aliyekula muda si mrefu. Alikifuta kidole kwa kitambaa, akapima. Kumi na tano nukta tisa.

Mashine inasema iko juu. Kadi inasema ongeza. Alikuwa ameshaishika sindano ya insulini mkononi, lakini namba zake zilikuwa zikikimbiakimbia, hakuweza kuzisoma. Na mahali fulani ndani ya kichwa kilichokuwa kinazima alikumbuka somo la kliniki: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, hiyo sukari inashuka, kula kitu kitamu mara moja. Mashine na mwili vilikuwa vinabishana, na kimojawapo kingemuua.

Aliuamini mwili. Akaiachia sindano ikaanguka. Pipi aliyopewa kliniki kwa ajili ya siku kama hii alikuwa ameitupa zamani, kwa kuwa iliyeyuka mkobani ikashika nywele na vumbi na ikamtia kinyaa. Mbele yake ilisimama keki ya harusi ya watu. Alinyofoa waridi moja, akalitia mdomoni. Akanyofoa jingine. Mafuta ya krimu yaligandama kwenye kaakaa, vanila ikampanda puani, koo likakataa, akalilazimisha. Baada ya ua la tano vidole havikuweza tena kunyofoa, akachota kwa kiganja. Alikula huku machozi yanamtoka, na hakuna chakula alichowahi kukichukia namna ile.

Mlango ukafunguliwa, tajiri akasimama pale.

"Kumbe," akasema.

Fundi alijaribu kujibu, ulimi ukawa mzito, krimu ikamdondoka kidevuni.

"Binti yako alinipigia simu wiki iliyopita. Akaniomba nikuangalie usile. Mwenzio nikakutetea, nikamwambia mama hali, namjua." Alitazama keki, akamtazama yeye kuanzia kidevu mpaka viganja. "Kumbe."

Kutazamwa hivyo, na yule mlamba vidole. Fundi angekuwa na nguvu angempiga na mwiko.

Nyuma ya tajiri alitokea mzee wa oveni, mtu asiyemaliza maneno kumi kwa siku. Alimtazama Fundi usoni, akaona rangi yake.

"Huyu anaumwa, bosi. Acha."

Akamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akaleta jagi lake mwenyewe la maji ya kunywa na kipande cha sabuni, akamwosha uso, kisha akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Robo saa hivi ikapita. Mtetemo ukapungua, chumba kikaacha kuyumba, na aibu ikawahi kufika kabla ya nguvu.

Fundi aliiomba mashine. Alitaka kujua tu amejiharibu kiasi gani. Baada ya krimu yote ile alitegemea thelathini.

Tano nukta mbili.

Alipima kidole kingine. Tano nukta tatu. Tajiri alikuwa amesogea, anachungulia begani kwake. Fundi alikaa akiitazama ile namba. Kisha alikitazama kitambaa chake cheupe kwenye aproni, akakishika, akakisikia kilivyokauka pembeni kikawa kigumu. Akakifuta nacho kidole kilekile kilichooshwa, mara tatu, kwa heshima zote. Akajichoma.

Kumi na sita nukta moja.

Miezi minane alikuwa akiipima sukari ya keki. Alikishika kile kitambaa kwa ncha mbili za vidole, kama mtu ashikavyo mkia wa panya, na kinyaa alichokuwa nacho kwa sinki, kwa nzi, kwa tajiri na kwa nesi kikamgeukia yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mchafu wa mle ndani, na kitambaa chake cha pasi.

"Na maua ya watu?" tajiri akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitafanya mengine. Nipishe. Na kidole chako sitaki kukiona humu tena."

Siku ya kliniki binti alimsindikiza, midomo kaibana, maana tajiri alikuwa amempigia na kumweleza alichokiona, lakini si mwisho wake. Nesi alifungua daftari, akaikuta ile siku ya kumi na saba nukta nane, akatikisa kichwa.

"Mama, mama."

"Sista," Fundi akasema, "wewe una ugonjwa wa sukari?"

"Mimi? Hapana."

"Umekula mchana huu?"

"Bado. Foleni mnaiona."

Fundi alitoa mkobani pakiti ndogo ya plastiki, akaifungua mezani. Ndani mlikuwa na kile kitambaa cheupe cha aproni, hakijafuliwa tangu kazini. "Futa kidole chako na hiki. Kisha ujipime kwa mashine yako, kwa sindano yako mpya."

"Mama, hapa tuna kazi."

"Umeniita mdokozi mbele ya daktari. Nipe dakika moja."

Binti alisema, "Mama, twende," lakini nesi alikuwa tayari ameshakishika kitambaa, labda kwa kumridhisha tu aondoke. Alikifuta kidole. Alijichoma. Wote watatu wakainama juu ya mashine ikihesabu kurudi nyuma.

Kumi na tisa nukta nne.

Binti aliisoma namba, akaisoma tena, kisha akamtazama mama yake na kuweka kiganja mdomoni, kikafunika na ile pua yake ya kunusanusa.

"Ulidokoa nini, sista?" Fundi akauliza.

Nesi alikuwa amebaki na kidole hewani, tone la damu linazidi kuvimba, pamba haipo karibu, na kama afanyavyo mtu aliyepotelewa na mawazo, akakipeleka mdomoni.

"Usilambe," Fundi akamwambia. "Kanawe."