Baba Yake Enok

Mjomba wangu Enok ana miaka hamsini na ushee, mimi sijafika thelathini, na ananiita Baba. Hata dukani mbele za watu: "Baba, nipitishie ile sukari." Hapa Maniitsoq, mji wetu wa wavuvi huku kaskazini kwenye barafu, hakuna anayegeuka kushangaa. Naitwa Aviaq, lakini nilizaliwa muda mfupi baada ya babu Jokum kufia baharini, nikapewa jina lake, na kwetu aliyepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe. Bibi Sabina ananiita mume wangu. Nilipokuwa mdogo, nikichelewa kurudi kutoka kucheza, alikuwa akinigombeza kama mke anavyomgombeza mume mlevi, kisha ananipa ini la sili, kipande kitamu kuliko vyote. Binamu zangu wakinuna, shauri yao.

Jokum alikuwa mkaidi. Wenzake walishahamia kwenye boti za injini, yeye akaendelea kuwinda kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja uliozibwa juu. Hakufa kwa dhoruba. Alikufa siku ambayo bahari ilikuwa imelala kabisa, na Enok ndiye aliyeikuta kayaki imepinduka katikati ya ghuba, haina mtu. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Wazee wana neno lake: nangiarneq. Ni hofu inayomshika mtu wa kayaki maji yanapokuwa kioo na jua liko machoni. Mbingu iko juu, mbingu iko chini, na yeye yuko katikati hajui alipo. Chombo kinakuwa chembamba. Omo, ncha yake ya mbele, inapanda. Miguu inaingia baridi kana kwamba maji yamejaa humo ndani, na mikono inakataa kutii. Anakaa hivyo mpaka upepo uje, au mwenzake aje, au apinduke.

Mimi ninayo. Watu wangesema imekuja na jina, nami sikuwa na hamu ya kuwasikia wakisema, kwa hiyo sikumwambia mtu. Enok alijua kwa sababu alikuwepo ilipokuja. Tulikuwa tunavuka ghuba mwezi wa sita, hakuna hata pumzi ya upepo, ghafla nikaacha kupiga kafi nikabaki naitazama omo ya kayaki yangu. Yeye akageuka, akaja mbio huku akiyapiga maji kwa kafi lake kama anafukuza mbwa.

"Baba! Unamsubiri nani hapo, padri?"

Akaisugua kayaki yake kwenye yangu, maji yakatikisika, mikono ikanirudia. Nikalia kwa aibu. Yeye akajifanya anakaza sketi ya mpira inayoziba tundu la kukalia, mpaka nikamaliza.

"Ikija tena, usiitazame," akaniambia. "Piga maji. Kivunje hicho kioo."

"Na nikishindwa kuinua kafi?"

"Piga kwa mkono. Tema mate. Kojoa. Chochote kitakachotikisa maji."

"Mjomba, mtu mwenye hiki kitu anaweza kuwa mkufunzi?"

Alitazama milima, kisha akasema maji ya huku hayatulii mara nyingi. Nilijua hilo si jibu, na nililipokea kwa mikono miwili.

Maana nilikitaka cheti cha ukufunzi wa kayaki kufa kupona. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kiwanda cha samaki, nikikata halibati mpaka vidole havihisi kitu, na kila kiangazi nikitoka zamu nawaona vijana wa Kidenmaki pale gatini na kadi zao za ukufunzi shingoni, wanawafundisha watalii kukaa kwenye kayaki. Kayaki! Chombo chetu, hata jina walilichukua kwetu, na sisi tunakitazama kupitia dirisha la kiwanda tukinuka shombo. Mji mzima hakuna mtu wetu aliyekuwa na kadi ile. Enok angeweza kuwafundisha wote wale, lakini Kidenmaki chake ni cha kununulia petroli na hana subira na watu wanaoogopa kulowa. Kampuni moja ya watalii iliniahidi kazi nikifaulu tu. Kundi la kwanza lilikuwa limeshapangwa.

Basi nikajifunza. Majira yote ya baridi tulikuwa baharini, mimi na Enok, kila upepo uliporuhusu na mara nyingine uliporuhusu kidogo tu. Kupinduka na kuibuka kwa kafi, kwa nusu ya kafi, kwa mkono mtupu. Kuvuta mtu kwa kamba. Kumrudisha kwenye chombo aliyetoka. Enok ndiye alikuwa mwanafunzi wangu, na hakuna mwanafunzi mbaya kama yeye. Alijifanya mtalii mwenye kuogopa, mtalii mjuaji, mtalii anayetaka kupiga picha.

"Mkufunzi, hii bahari ina mamba?"

"Haina. Kaa wima."

"Mkufunzi, mbona umeshika kafi kama mwiko wa supu?"

"Mjomba!"

"Mimi si mjomba wako, nimetoka Ujerumani."

Zoezi aliloling'ang'ania kuliko yote tuliliita omo mkononi. Aliyepinduka hatoki. Anabaki kichwa chini ndani ya maji, anapiga tumbo la kayaki kwa viganja mara tatu, halafu anapeleka mikono mbele na nyuma ubavuni mwa chombo. Mwokoaji anakuja, anamletea omo ya kayaki yake mkononi, naye anaishika na kujiinua. Halihitaji nguvu. Linahitaji aliye chini aamini kwamba aliye juu anakuja. Enok alikuwa anakaa kule chini kwa raha zake hata nikichelewa, akiibuka ananicheka.

"Nilijua unakuja, Baba. Ungeniacha mimi mwanao?"

Bibi Sabina hakupenda hata kidogo. Macho yake yameingia ukungu, lakini akisikia suti yangu ya baharini inatoa mchakacho barazani anajua. Kila mara maneno yake yalikuwa yale yale: "Mume wangu, leo usiende." Nami nikambusu na kwenda.

Mtihani ukaja mwishoni mwa mwezi wa nane. Mtahini alikuwa Lasse, Mdenmaki aliyekaa huku mpaka kuota mizizi, mtu mwenye haki. Siku ya kwanza upepo ulivuma kutoka kusini magharibi na mawimbi yakasimama nje ya kisiwa, nami nikafanya kila kitu bila kufikiri. Lasse, ambaye hasifu watu, aliniambia angempeleka mwanawe nje na mimi. Usiku ule nilichekacheka peke yangu kitandani kama punguani.

Asubuhi, siku ya pili ya mtihani, nikafungua mlango. Moshi wa mabomba ya paani ulikuwa umesimama wima, na bandarini kila boti ilikuwa na pacha wake chini yake.

Enok alikuwa ananingoja gatini, amevaa koti la baba yake la ngozi ya sili, lile linalofungwa usoni, mikononi na kwenye tundu la kayaki. Yeye ndiye alikuwa mwanafunzi wa kuokolewa siku hiyo, kwa hiari yake. Aliyatazama maji, akanitazama mimi.

"Baba. Tunaweza kumwambia Lasse."

"Akishajua, kadi ndiyo basi. Si mwaka huu, milele."

"Ndiyo."

"Wewe ungemwambia?"

Akakunja pua, ishara yetu ya kusema hapana. Kisha akaniwekea mkono kichwani, kitu ambacho mwana hamfanyii baba. "Piga maji," akasema, akaingia kwenye kayaki yake.

Tulikwenda vizuri. Niliwapitisha ukingoni mwa ghuba nikiyatazama mawe, ndege, uso wa Enok, chochote isipokuwa maji. Lasse akabaki mbali, karibu na mwamba, ili niamue mambo mwenyewe, jua likimpiga usoni. Akanyanyua mkono. Hiyo ilikuwa ishara ya Enok kupinduka mahali atakapochagua. Anayeokolewa akilazimika kuchomoka na kuogelea, mtihani umekwisha, na hilo tulilijua sote.

Akachagua mahali pa wazi, mbele yangu kidogo tu, safari ya makafi machache. Akapinduka bila hata kurusha maji, kwa ustadi wake ule, na kioo kikajifunga juu yake.

Nikasikia viganja. Pa, pa, pa.

Nikainua kafi, nikaitazama omo yangu ili niielekeze, na hilo ndilo kosa. Omo ilikuwa inapanda. Milima ilikuwa chini yake imeninginia kichwa chini. Kayaki ikawa nyembamba kama kafi lenyewe, miguu ikaingia baridi, na nikajua kwa yakini kabisa kwamba nikigeuza hata jicho nitaanguka, si majini, chini zaidi ya maji. Piga maji. Nilijisikia mwenyewe nikisema. Kafi lilikuwa limesimama hewani na mikono ilikuwa ya mtu mwingine.

Mikono ya Enok ilikuwa inakwenda mbele na nyuma ubavuni, taratibu, bila wasiwasi. Kwa mbali Lasse bila shaka aliiona akadhani mambo yako sawa.

Pa, pa, pa.

Angeweza kutoka. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Kafi lake lilikuwa ubavuni, angeliweka sawa na kuibuka kabla sijapepesa macho, hata mkono mtupu ungemtosha. Angeweza kuchomoa koti kwenye tundu na kuogelea. Lakini akiibuka mwenyewe, nimeshindwa. Akiogelea, nimeshindwa. Kwa hiyo alikaa. Aliningoja mimi, au alimngoja babaye, sijui, na mimi niliketi nikiitazama mikono yake inapungua mwendo. Mmoja ukasimama. Nilikuwa nalia bila sauti. Najichukia nikilikumbuka, nilikuwa nalia na sikusogea.

Halafu akapiga tena. Hakikuwa kishindo cha ishara. Kilikuwa kishindo cha mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na kayaki yake ikatikisika nzima, na kutoka pale duara la mawimbi madogo likaja polepole mpaka kwenye omo yangu. Milima ikavunjika. Mikono ikawa yangu.

Nilifika kwa kishindo, nikampiga ubavuni. Mkono wake ukaikosa omo. Ukaikosa tena. Nikaushika mwenyewe nikaubandika pale, nikavuta, akaja juu mweusi midomoni, akatapika maji kwenye mapaja yangu, akakohoa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Nilikuwa nasema mjomba, mjomba. Hakunitazama.

Lasse alikuja mbio. "Imekuwaje? Mbona imechukua muda?"

Nilifungua mdomo. Enok akaniwahi, kwa Kidenmaki chake cha petroli. "Mimi nilimwambia asubiri. Mchezo wetu wa zamani. Nimezeeka tu."

"Ulimwambia asubiri? Katika mtihani?"

Enok akanyanyua nyusi, ishara yetu ya ndiyo. Lasse akamtazama, akanitazama, akamgombeza kweli kweli, mtu mzima anafanya utoto kwenye maji ya namna hii. Enok akakubali kila neno. Jioni nikapewa kadi.

Kesho yake watu walikuja nyumbani kwa bibi, kama desturi, kahawa na keki na ngozi mbichi ya nyangumi, viatu vimejaa barazani. Kadi ikapita mkono kwa mkono. Jirani mmoja akasema sasa Wadenmaki watafute kazi kiwandani, watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Enok alichelewa kufika. Kifua chake kilikuwa bado kinakoroma. Hakukaa karibu yangu. Alikunywa kahawa yake amesimama, akaiweka chini, akaja kunipa mkono.

"Hongera, Aviaq," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Hajawahi kuniita hivyo, hata mara moja, hata nilipokuwa kwenye nepi. Chumba kikaendelea kula. Ni bibi tu aliyeacha kutafuna. Akageuza macho yake ya ukungu kutafuta sauti ilikotoka.

"Enok," akasema. "Jana maji yalikuwa yametulia?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Enok akasimama pale, akaangalia soksi zake, na nikaona kwamba atanifichia tena kama nikimwacha. Angenifichia mpaka nimuue mtalii.

"Yalikuwa yametulia," nikasema mimi. "Nilimwacha chini, bibi. Nilikuwa namwona na sikwenda."

Sasa watu waliacha kula. Bibi akanyoosha mkono mpaka akaupata uso wangu, akaupapasa paji, pua, mdomo, taratibu, kama anahesabu kama vyote vimo.

"Basi safari hii umerudi," akasema. "Imetosha, mume wangu. Kaa."

Nikakaa sakafuni miguuni pake. Nilimsubiri Enok aseme neno, lolote lile, hata tusi. Nilimsikia barazani anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, anakohoa, kisha mlango ukafungwa. Kadi ilikuwa imefika kwa mtu wa mwisho mezani. Hakujua ampe nani, akaiweka karibu na keki.